Namba saba hajapita: Mashali anayeloa ili dereva arudi nyumbani

MVUA ya masika ikishika pwani ya Tanga haibishi hodi. Inatoka baharini kama ukuta wa kijivu, inapiga mikoko, inapanda kwenye minazi, na kabla hujafungua turubai umeshaloa mpaka soksi.

Shabiki wa soka anajua la kufanya mvua ya namna hiyo ikimkuta Mkwakwani. Wa jukwaa kuu anatulia, wa mzunguko anajifunika kwa chochote alichonacho. Mwamuzi anaingia uwanjani na mpira mkononi, anaudundisha katikati ya dimba. Ukigoma kudunda, mechi inaahirishwa, watu wanarudi nyumbani kunywa chai.

Kwenye mbio za magari hakuna cha kudundisha. Magari yanakuja vilevile. Na huko porini, kwenye kona ambayo hata jina haina, kuna mtu amesimama na filimbi mdomoni, penseli sikioni na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Hana jukwaa, hana mwavuli, hana mshahara. Na haruhusiwi kubanduka.

Huyo ndiye mashali, msimamizi wa njia. Picha zake hazitoki kwenye kurasa za mbele na shabiki hajui jina lake. Lakini bila yeye hakuna dereva atakayewasha gari siku hiyo.

Alfajiri ya Tongoni

Mchukue kijana yeyote wa Tongoni. Kijiji hicho kipo takriban kilomita 20 kusini mwa jiji la Tanga, kwenye njia ya kwenda Pangani. Wageni wanakijua kwa magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa ya nguzo, ya enzi za miji ya zamani ya Waswahili. Jina lenyewe linasema: tongo ni mahame, mahali palipokuwa na watu wakaondoka.

Kwa michezo, Tongoni ni pwani ya Tanga kama pwani nyingine. Ubishi wa barazani ni Simba na Yanga, na Coastal Union ikishinda kila mtu anajifanya aliona tangu mwanzo. Wazee bado wanakumbushia 1988, mwaka ambao Wagosi wa Kaya walibeba ubingwa wa Bara.

Mbio za magari ni mgeni anayekuja mara moja moja. Mashindano ya ubingwa wa taifa yamekuwa yakizunguka mikoa kama Iringa, Morogoro, Arusha, Pwani na Tanga yenyewe. Yanapokuja huku hayatafuti lami. Yanatafuta njia za udongo, zile zinazokata katikati ya mashamba ya mkonge na vijiji, ambako kiangazi ni vumbi na masika ni tope la kumeza kiatu.

Hapo ndipo waandaaji wanapohitaji watu. Si watano, si kumi. Kila njia panda inataka mtu, kila kona kali inataka mtu, kila mahali ambapo njia ya miguu inatokeza barabarani panataka mtu. Kijana wa Tongoni aliyejiandikisha anaamka saa 10 alfajiri, mvua ikipiga juu ya bati, na mazungumzo ya mlangoni huwa ni ya namna hii:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mvua yote hii unakwenda wapi?"

"Kwenye mbio za magari, babu."

"Kumbe umejua kuendesha?"

"Hapana babu. Nitasimama njiani."

"Utasimama njiani, mvuani. Haya, wanakulipa shilingi ngapi?"

"Hawalipi babu. Najitolea."

Babu hapo hana la kuongeza. Anatazama mvua, anamtazama mjukuu, anarudi zake ndani.

Kazi yenyewe ni kuhesabu

Wengi wanadhani mashali yupo pale kupeperusha bendera na kufukuza watoto. Hayo yapo, ila kazi yenyewe hasa ni kuhesabu.

Mbio za magari za barabarani haziendi kama za uwanjani. Magari hayaanzi pamoja. Yanaachiwa moja moja, tuseme kila baada ya dakika 2, kila moja likipambana na saa. Barabara inafungwa kwa kipande kimoja, kilomita 15, 20 au zaidi, na ndani ya kipande hicho dereva na msoma ramani wake wako peke yao. Wakipinduka kilomita ya 9, aliye kwenye mstari wa kuanzia hajui na aliye kwenye mstari wa kumalizia hajui.

Anayejua ni mashali.

Kabla ya gari la kwanza la mashindano, hupita magari ya waandaaji yenye namba za sifuri: sifuri tatu, sifuri mbili, mwisho sifuri moja. Hayo yanakagua kama barabara imefungwa kweli, kama watu wamekaa mahali salama na kama kila mashali yupo kituoni kwake. Sifuri ya mwisho ikishapita, barabara ni ya mbio. Hapiti ng'ombe, haipiti bodaboda, hapiti hata mwenye shamba.

Ndani ya njia kuna vituo vya simu ya upepo, kwa kawaida kila baada ya kilomita 5 hivi. Pale anakaa mashali mwenye orodha ya namba. Gari linapita, anaweka alama na kuandika saa. Linapita jingine, anaweka alama. Kazi ya kitoto kabisa, mpaka siku alama moja inapokosekana.

Nguo zao nazo zina lugha. Kwa taratibu za Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Magari, FIA, mashali wa usalama huvaa kizibao cha rangi ya chungwa, wa kituo cha redio huvaa cha njano chenye alama ya radi ya bluu, na watu wa tiba huvaa cheupe. Dereva anayepita kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa hana muda wa kusoma maandishi. Anasoma rangi.

Namba saba hajapita

Sasa iweke mvua kwenye picha hiyo. Namba tano amepita. Namba sita amepita, tope limemrukia mashali mpaka usoni. Dakika mbili zinakwisha. Kimya. Dakika ya tatu. Anasikiliza, lakini mvua kwenye majani ya mkonge inaficha sauti ya injini. Dakika ya nne, mlio unakuja, gari linatokeza, linapita likiserereka.

Ni namba nane.

Hapo ndipo ile karatasi ndani ya mfuko wa nailoni inapokuwa na thamani kuliko kombe. Mashali anabonyeza simu ya upepo na kutoa taarifa: namba saba hajapita. Makao ya mbio yanauliza kituo cha nyuma: kwako alipita? Kule wanajibu: alipita, saa fulani na dakika fulani. Basi namba saba yupo katikati ya vituo hivyo viwili, ndani ya kilomita 5. Badala ya kutafuta pori zima, wanatafuta kipande kimoja.

Zipo taratibu za dereva mwenyewe. Gari likisimama njiani, wanatakiwa kuweka pembe tatu nyekundu angalau mita 50 nyuma ya gari, kuwaonya wanaofuata. Kama wako salama, wanaonyesha kibao chenye neno OK kwa magari angalau matatu yanayokuja. Kama kuna majeruhi, wanaonyesha kibao chekundu cha SOS, na dereva wa kwanza kukiona lazima asimame, awe anaongoza mbio au anashika mkia.

Lakini kibao kinataka mkono wa kukishika. Wote wawili wakiwa wamebanwa ndani ya gari lililolala ubavu kwenye mtaro uliojaa maji, nani atakishika? Hapo inabaki hesabu ya mashali peke yake. Makao yakithibitisha kuna shida, wanasimamisha magari kule mwanzo, vituo vinaagizwa kutoa bendera nyekundu, na gari la tiba linaingia likifuata uelekeo uleule wa mbio ili lisikutane uso kwa uso na mshindani.

Mbio kubwa za dunia siku hizi zina vifaa vya satelaiti vinavyoonyesha kila gari lilipo. Mbio ndogo bado zinategemea zaidi macho, masikio na penseli. Naam, penseli. Wino wa kalamu ukiguswa na mvua unakimbia, namba saba inageuka doa la bluu. Penseli haina habari na mvua.

Sasa fikiria mashali mmoja ameona mvua imezidi, akasema potelea mbali, akaenda kujikinga kwenye kibanda cha mkulima dakika 10. Magari matano yamepita bila kuandikwa. Akirudi hajui nani kapita na nani hajapita. Mlolongo mzima umekatika, na kuanzia hapo makao ya mbio ni kipofu. Ndiyo maana inasemwa habanduki. Si ushujaa, ni hesabu.

Mvua ilikuwepo tangu zamani

Afrika Mashariki haikuanza jana kusimamia magari kwenye tope. Mwaka 1953 zilianzishwa mbio za kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Baadaye, mwaka 1960, zikaitwa East African Safari, zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilifanyika sikukuu ya Pasaka. Kwa mtu wa huku, Pasaka na masika ni ndugu. Mbio zenyewe zilijulikana kwa hilo: mwaka mmoja vumbi la kuziba pua, mwaka unaofuata mafuriko.

Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Mengine yalibaki kwenye tope, kwenye mito iliyofurika na mitaroni, na picha za zamani za Safari zimejaa wanakijiji wakisukuma magari kwa mabega.

Majina ya washindi yapo vitabuni. Joginder Singh alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Majina ya waliokuwa wamekaa kwenye vituo vya muda usiku kucha, taa ya kandili mkononi, wakisubiri gari ambalo huenda lilishasombwa na mto, hayakuandikwa popote.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, Kenya, baada ya kukosekana tangu 2002. Mwanzoni ilipangwa Juni. Mwaka 2024 ikarudishwa Pasaka, tarehe 28 hadi 31 Machi, na suala la mvua likarudi nayo. Njia kama Sleeping Warrior zikishika maji zinageuka sabuni, na madereva waliozoea barafu za Ulaya wanaanza kutafuta breki kwa sala.

Huko Ulaya nako si nafuu. Mbio za Uingereza zilizokuwa zikifanyika kwenye misitu ya Wales zilikuwa maarufu kwa ukungu, matope na baridi ya kukata mifupa, na mashali wake walikuwa watu wa kujitolea. Hata Silverstone, kwenye Formula One yenye fedha za kufuru, wanaopeperusha bendera kando ya njia ni wa kujitolea. Dereva analipwa mamilioni, na anayemwonya kwamba mbele kuna hatari alikuja na chakula chake kwenye begi.

Baridi ya pwani si hadithi

Mtu wa Lushoto akisikia kijana wa Tongoni analalamikia baridi, atacheka. Pwani gani hiyo yenye baridi?

Asimame yeye saa sita bila kusogea, nguo zimeloa, upepo wa kusi ukitoka baharini. Nguo iliyoloa inavuta joto la mwili, na upepo unalipeperusha. Huhitaji barafu ili utetemeke. Na ikiwa ni Juni au Julai, wakati wa kipupwe, mvua ya rasharasha ya asubuhi inatosha kumfanya mtu mzima agonge meno.

Tatizo la baridi kwa mashali si mafua ya kesho. Ni akili ya leo. Vidole vikifa ganzi haviandiki vizuri wala kubonyeza simu ya upepo. Mwili ukitetemeka mtu anaanza kufikiria chai badala ya kufikiria namba. Anayepokea kadi ya muda ya washindani akikosea dakika moja amebadilisha matokeo. Kwa kanuni za kimataifa, gari likichelewa kufika kwenye kituo cha muda linakatwa sekunde 10 kwa kila dakika, na likiwahi linakatwa dakika nzima kwa kila dakika. Yaani mashali aliyeganda vidole anaweza kumnyang'anya mtu ubingwa bila kujua.

Ndiyo maana wazoefu hawabebi vitu vya fahari. Wanaacha suruali ya jinzi nyumbani, kwa sababu jinzi ikiloa ni mzigo na haikauki. Wanavaa koti la mvua linalofika magotini na mabuti ya mpira. Ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri wanaweka fulana kavu na soksi kavu, na wa pwani hakosi kikoi. Chupa ya chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha au chapati, kwa sababu tumbo tupu halina joto. Na filimbi mbili, maana moja ikiingia tope hailii.

Kuna na sheria ya kubadilishana. Mashali hawekwi peke yake kama kuna watu wa kutosha. Mmoja anaandika, mwenzake anapasha mikono na kula. Kisha wanabadilishana. Wakiwa wawili, mmoja anaweza kutetemeka na kazi ikaendelea.

Mashabiki, hapa tusikilizane

Kazi ngumu kuliko mvua ni sisi mashabiki. Mtu wa mpira amezoea kukaribia. Anataka kuwa karibu na mstari, amguse winga wake akienda kurusha. Anakuja kwenye mbio za magari na tabia ileile.

Machi 1986, nchini Ureno, watu walijazana barabarani eneo la Sintra kwenye mbio za ubingwa wa dunia. Walikuwa wakikimbia katikati ya njia na kupisha gari dakika ya mwisho, wengine wakinyoosha mikono waliguse. Gari la Joaquim Santos lilitoka njiani na kuingia kwenye umati. Watazamaji 3 walipoteza maisha na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa timu kubwa waligoma kuendelea. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwa magari yale ya kundi B yaliyokuwa na nguvu kupita kiasi.

Kwenye mvua hatari inaongezeka, kwa sababu gari halifuati usukani, linafuata tope. Mashali anaposema usisimame upande wa nje wa kona, ana maana huko ndiko gari linakokwenda likiteleza. Anaposema panda juu ya tuta, usikae chini ya usawa wa barabara, ana maana gari haliwezi kupanda lakini linaweza kudondoka. Anaposema usikae chini, simama, ana maana aliyekaa anachelewa kukimbia. Na usiipe barabara mgongo, hata kama unapiga picha yako mwenyewe.

Lakini muone kijana wa miaka 22, ameloa chapachapa, anamwambia mzee wa makamo asogee.

"Baba, samahani, hapo si salama. Naomba upande huku juu."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa. Wewe utanifundisha kusimama?"

Kujibu kwa ukali ni kosa, kunyamaza ni kosa kubwa zaidi. Anayejua lugha ya watu, anayejua kwamba mzee haamrishwi bali anaombwa, huyo ana kazi kubwa kuliko kizibao alichovaa. Ndiyo maana mashali wa kijiji husika ni dhahabu. Wa kutoka mbali ana kitabu cha kanuni, wa hapahapa ana salamu.

Waliolipa kwa uhai

Kazi hii imeua watu, na kisa kimoja kilitokea katika bara letu. Tarehe 5 Machi 1977, kwenye uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, gari la Renzo Zorzi lilisimama kando ya njia likiwa na moto mdogo. Mashali wawili walikatiza barabara kwenda kusaidia. Mmoja alifika. Wa pili, Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19 aliyebeba mtungi wa kuzimia moto, aligongwa na gari la Tom Pryce lililotokeza kwenye kilele cha mlima kwa kasi kubwa. Mtungi ulimpiga Pryce kichwani. Wote wawili walikufa palepale.

Inaelezwa kwamba kijana yule alitambulika kwa namna moja tu. Mashali wote waliitwa, wakahesabiwa, na yeye hakuwepo. Mtu aliyekuja kuhesabu magari, siku hiyo akahesabiwa mwenyewe.

Mvua nayo ina kisa chake. Tarehe 5 Oktoba 2014, Suzuka, Japani, mbio za Formula One zilikuwa zikikimbizwa chini ya mvua ya kimbunga. Adrian Sutil aliteleza akatoka nje ya njia. Mashali wakaingia kuliondoa gari kwa trekta la kunyanyulia, bendera mbili za njano zikipepea. Mzunguko uliofuata Jules Bianchi akateleza palepale na kugonga trekta. Alifariki Julai 2015 bila kupata fahamu tena. Mashali waliokuwa wamesimama hatua chache kutoka hapo walinusurika.

Visa hivyo viwili vinafundisha jambo moja kwa kijana wa Tongoni. Kwanza jilinde wewe. Hukimbilii gari lililopinduka kabla ya kutazama nyuma, hata kama unasikia mtu anapiga kelele. Mashali aliyegongwa hamsaidii dereva, anawaongezea waokoaji kazi.

Mahame na mabaharia

Basi anapata nini? Kulingana na mwandaaji, anapata usafiri, maji, chakula cha mchana, pengine fulana. Anapata mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kutumia simu ya upepo, na hayo hayaloi mvua. Kwenye barabara zetu za pwani, ambako bodaboda na lori hukutana vibaya kila mara, mtu anayejua kuweka alama ya tahadhari, kusimamisha magari na kutomvuta majeruhi ovyo ni mtu wa maana kijijini, mbio ziwepo zisiwepo.

Wanaosema ajira ni ngumu na vijana wasitumikishwe bure hawajakosea. Kujitolea si sababu ya kumwacha mtu na njaa mvuani. Mwandaaji asiyeleta koti la mvua, chai ya moto na gari la kumrudisha mtu nyumbani hana haki ya kulalamika mwakani akikosa watu.

Na akikosa watu, hakuna mbio. Kipande cha njia kisicho na mashali wa kutosha hufutwa, hata kama magari yote yapo na madereva wameshafunga mikanda.

Tongoni inalijua hilo kuliko miji mingi. Ni kwenye maji ya huku, Januari 1499, Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India, alipoichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael. Haikuwa imezama. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Chombo kilikuwepo, watu hawakuwepo.

Gari la mwisho

Jioni linapita gari la kufagia njia, linalofuata mshindani wa mwisho. Dereva wake anapunguza mwendo, anauliza kama orodha imetimia. Mashali anatazama karatasi. Namba saba ana alama pembeni: aliteleza kwenye mtaro, akavutwa, yeye na msoma ramani wake wazima. Wengine wote wana alama zao. Walioingia na waliopatikana wanalingana. Barabara inafunguliwa, na wa kwanza kupita ni mwenye baiskeli aliyesubiri tangu asubuhi na madumu yake ya maji.

Kijana anafika Tongoni giza limeingia, mabuti mkononi, kikoi kavu kiunoni. Babu yupo barazani, mvua imekatika.

"Pole mwanangu. Haya, nani kashinda?"

Hapo ndipo mashali wote, wa Tongoni na wa Wales, wanapofanana. Alikaa kona moja siku nzima. Hakuona mwanzo wala mwisho, na matokeo atayasikia redioni kesho kama watu wengine.

"Sijui babu. Ila wote wamerudi."